Neno la Kale la Hakimu katika Kamusi Nne: Tathmini kwa Wafasiri na Wanasheria wa Nairobi

Anayefasiri sheria za Kenya kutoka Kiingereza hadi Kiswahili hawezi kukikwepa kitenzi "deem". Kimo katika sheria za kodi, za ardhi, za kampuni na za mirathi, na kila kinapojitokeza humlazimu mfasiri achague kati ya "kuchukuliwa kuwa", "kuhesabiwa kuwa" na "kudhaniwa kuwa". Hilo la mwisho ni kosa, kwa sababu sheria inaposema kwamba hati iliyotumwa kwa posta itachukuliwa kuwa imepokelewa siku fulani, haidhani lolote; inaamua, na uamuzi huo unaweza kumfunga mtu hata kama hati yenyewe ilikwama njiani. Nguvu hiyo ya kuamua, iliyofichika ndani ya kitenzi kinachosikika kwa upole, ndiyo iliyonipeleka kwenye kamusi za kihistoria. Nimezipima kamusi nne kwa kipimo kimoja, nacho ni jinsi kila moja inavyosimulia historia ya "deemster", jina la kale la hakimu kwa Kiingereza lililozaliwa na kitenzi hicho hicho.

Ya kwanza ni Kamusi ya Kiingereza ya Oxford katika toleo lake la mtandaoni, ambalo ni la kulipia. Ya pili ni kamusi ya Kiingereza cha Kale ya Bosworth na Toller, ya tatu ni Kamusi ya Kiingereza cha Kati ya Chuo Kikuu cha Michigan, na ya nne ni mkusanyo unaoitwa Kamusi za Lugha ya Kiskoti. Hizi tatu husomwa bure na yeyote mwenye simu na bando. Nitaje msimamo wangu mapema, ili msomaji asilazimike kuusubiri: zile za bure, zikitumiwa pamoja, zinamtosha mfasiri wa Nairobi kwa sehemu kubwa ya kazi yake, na ile ya kulipia, ambayo hakuna inayoifikia kwa upana, inafaa inunuliwe na maktaba na taasisi kuliko kubebeshwa mtu mmoja mmoja.

Kamusi ya Oxford ilianza kama pendekezo katika Chama cha Filolojia cha London mwaka 1857. Mhariri wake anayekumbukwa zaidi, James Murray, aliishika kazi hiyo mwaka 1879, sehemu ya kwanza ikachapishwa mwaka 1884, na kitabu kizima kikakamilika mwaka 1928, miaka 13 baada ya Murray kufariki. Toleo la pili la mwaka 1989 lina majuzuu 20, na tangu mwaka 2000 marekebisho yake yamekuwa yakitolewa mtandaoni. Kamusi za kawaida za mezani humpa msomaji maana ya leo na kumwachia hapo. Hii humpangia maana zote ambazo neno limewahi kubeba, kuanzia ile kongwe, na chini ya kila maana huweka nukuu zenye mwaka, ili aone mwenyewe jinsi neno lilivyotumika, lilivyogeuka, na pengine lilivyokufa.

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi. Juzuu la tatu la toleo la kwanza, lenye herufi D na E, lilichapishwa mwaka 1897, na kwa kuwa haki miliki yake imekwisha, picha za kurasa zake zinapatikana bure kwenye hifadhi za vitabu za mtandaoni. Humo ndimo "deem" na "deemster" vilimo, vikiwa vimehaririwa na Murray mwenyewe. Kila ukurasa una safu tatu za maandishi yaliyobanana, maana zikiwa kwa herufi za wastani na nukuu kwa herufi ndogo zaidi, na maana iliyokufa imewekewa alama ya msalaba mdogo mwanzoni, kama kaburi. Kwenye simu, ukuze safu moja ijae kioo na ushuke nayo taratibu. Ukijaribu kusoma ukurasa mzima kwa mara moja macho yatachoka kabla hujafika kwenye nukuu, na nukuu ndizo shamba lenyewe. Utakutana kwanza na kitenzi, kisha na majina yaliyotokana nacho, halafu mbele kidogo na "dempster", umbo lililosalia kaskazini.

Kwa asili ya kale kabisa, hata hivyo, ningeanza na Bosworth na Toller. Kamusi yao ilitoka mwaka 1898, ikafuatwa na nyongeza mwaka 1921, na inahusu Kiingereza kilichozungumzwa kabla Wanormani kutoka Ufaransa hawajaiteka Uingereza mwaka 1066. Lugha hiyo ilikuwa na nomino "dōm", yaani hukumu au sheria. Kitenzi "dēman", yaani kuhukumu. Na mtu aliyeifanya kazi hiyo aliitwa "dēma". Mswahili huuona mpango huu kwa jicho moja, kwa sababu Kiarabu kilitupa hukumu na hakimu kutoka mzizi mmoja, na Kibantu chetu kikatupa amua, uamuzi na mwamuzi. Nyuma zaidi ya hapo, "dōm" hutokana na mzizi wenye maana ya kuweka, ule ule uliowapa Wagiriki neno lao "themis" kwa sheria na haki: hukumu ilikuwa kitu kilichowekwa na kikasimama. Mfalme Alfred, aliyetawala kati ya 871 na 899, aliacha kitabu cha sheria, na kitabu cha aina hiyo kiliitwa "dōmbōc", kitabu cha hukumu.

Kamusi hii haimbembelezi msomaji. Nukuu zake ni za Kiingereza cha Kale chenye herufi ambazo Kiingereza cha leo kimezitupa, na maelezo mara nyingi huambatana na Kilatini, kana kwamba kila mtu alikipitia shuleni. Asiyejua lugha hizo mbili atachuma kidogo kuliko anayezijua, lakini atachuma. Mimi huitumia kwa kazi moja: kuhakikisha kwamba neno lilikuwepo kabla ya Wanormani na lilikuwa na maana gani wakati huo, kisha naondoka. Kwa matumizi hayo sijaona inayoishinda, na kuilaumu kwa ugumu wake ni kuidai kazi ambayo haikuandikiwa.

Kamusi ya Michigan inaanzia pale ambapo hiyo inaishia. Ilichapishwa kwa sehemu sehemu kuanzia mwaka 1952 hadi 2001, na inashughulikia Kiingereza kuanzia miaka iliyofuata utekaji wa Wanormani hadi takriban mwaka 1500. Ubora wake mkubwa ni kwamba hukusanya tahajia zote. Waandishi wa enzi hizo waliandika kila mmoja kwa matamshi ya kwao, kwa hiyo neno moja linaweza kuwa na sura nyingi, na asiyezijua hawezi kulitambua anapolikuta katika hati. Hapa ndipo "dēma" wa kale anapopata mkia mpya, "-estre". Mkia huo hapo awali uliashiria mwanamke afanyaye kazi fulani: mwokaji wa kike, mfumaji wa kike, mshonaji wa kike. Baadaye, hasa kaskazini mwa Uingereza, ukaanza kutumiwa kwa wanaume pia, na mwenye kuhukumu akaitwa "demestre", kisha "demster". Kati ya sauti ya m na ya s midomo hujifunga na kufunguka, na hapo p hujiingiza yenyewe, ndipo tukapata "dempster", kwa njia ile ile iliyoingiza p katika jina la ukoo Thompson. Mkia huo huo umo katika jina Webster, yaani mfumaji, alilokuwa nalo mwandishi wa kamusi maarufu ya Marekani ya mwaka 1828. Dempster nalo limebaki jina la ukoo hadi leo, na wengi wanaolibeba hawana habari kwamba babu yao wa mbali huenda alikuwa mtu wa mahakama.

Wakati huo huo Kifaransa cha watawala wapya kilikuwa kimeleta "juge", kutoka Kilatini "iudex", yaani anayeisema sheria. Hilo ndilo lililoshinda, likawa "judge", na karne nyingi baadaye likatufikia sisi likiwa "jaji". Ushindi wake haukuja kwa siku moja. Katika Biblia ya Kiingereza ya wafuasi wa mwanatheolojia John Wycliffe, ya mwishoni mwa karne ya 14, mshitaki wa Mathayo sura ya 5 aya ya 25 anampeleka mtu kwa "domesman", mtu wa hukumu, ambaye naye anamtia mikononi mwa askari. Tafsiri ya Kiswahili iliyozoeleka makanisani mwetu imeandika kadhi mahali hapo. Napenda kuziweka aya hizo mbili pamoja, kwa sababu kila mfasiri alilitafuta neno ambalo wasomaji wake walilikuta mahakamani kwao, wala hakuogopa kwamba lingezeeka.

Kati ya zote nne, iliyonifunza zaidi ni Kamusi za Lugha ya Kiskoti. Ni kamusi mbili kubwa zilizounganishwa kwenye tovuti moja mwaka 2004, moja ikiishia mwaka 1700 na nyingine ikianzia hapo, na kwa kuandika neno mara moja unapata majibu ya zote mbili. Uskoti haikuwa na mfumo mmoja wa sheria na Uingereza, na mpaka leo haina, kwa hiyo maneno ya kisheria yalichukua njia yake huko. Zamani "dempster" alikuwa mjuzi wa sheria, mrithi wa mahakimu wa Wagaeli, jamii ya kale ya Uskoti. Halafu kazi yake ikapunguzwa. Katika mahakama za makabaila, uamuzi ulitolewa na watu huru waliowajibika kuhudhuria mahakama hiyo kwa ajili ya ardhi waliyoishikilia, na "dempster" akawa ndiye anayeutamka kwa sauti mbele ya wote. Kukata rufaa kulikuwa ni kusimama na kuitangaza hukumu hiyo kuwa ya uongo. Katika Mahakama Kuu ya jinai ya Edinburgh, kufikia karne ya 18, aliyeitwa kutamka adhabu ya kifo baada ya karani kuisoma alikuwa mnyongaji mwenyewe, na mshtakiwa alimwona uso kwa uso, akimtamkia maneno ambayo baadaye angeyatekeleza kwa mikono yake. Desturi hiyo ilikomeshwa katika karne hiyo hiyo na kazi ya kutamka ikabaki kwa jaji, lakini fomula ya kumalizia, inayosema kwamba hili linatamkwa kuwa hukumu, iliendelea kusikika katika adhabu za kifo za Uskoti hadi karne ya 20.

Kwa mtu aliyezoea mahakama zetu historia hii ina uzito. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo, na katika mahakama za chini, ambako kesi huendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili, mara nyingi mshtakiwa huisikia hukumu yake kwanza kutoka kinywa kisicho cha hakimu. Anayeamua na anayetamka ni watu wawili, na uzito wa kifungo humfikia mtu kwa sauti ya yule wa pili. Wakalimani wanaijua hali hiyo kwa vitendo. Kamusi ya Kiskoti imewapa historia yake, ikiwa na tarehe na nukuu, bila kuwadai hata senti.

Kamusi hizo tatu za bure zinaishiwa nguvu kwenye Kisiwa cha Man. Ni kisiwa kidogo katika Bahari ya Ireland, chenye bunge lake na sheria zake, na ndiko "deemster" alikonusurika. Majaji wa mahakama kuu ya huko wanabeba cheo hicho rasmi mpaka sasa, na Deemster wa Kwanza ndiye mkuu wa mahakama. Kwa mapokeo walikuwa wawili, mmoja wa kaskazini na mmoja wa kusini. Hadi karne ya 15, sheria za kisiwa zilipoanza kuandikwa, walizihifadhi kichwani, na Waingereza waliziita sheria za kifuani, sawa na sisi tunavyosema kwamba mtu amehifadhi jambo moyoni. Anayeapishwa huahidi kuzitekeleza sheria kwa haki kati ya mfalme na raia wake, na kati ya mdai na mdaiwa, bila kuegemea upande wowote, kama uti wa mgongo wa heringi ulalavyo katikati ya samaki. Kiapo hicho kilitungwa na watu walioishi kwa uvuvi, na sidhani kama mwanasheria wa Mombasa au Lamu angehitaji kufafanuliwa. Kila mwaka, kwa kawaida tarehe 5 Julai, bunge hilo hukutana kwenye kilima cha wazi katika kijiji cha St John's, na sheria mpya hutangazwa kwa muhtasari mbele ya watu kwa Kiingereza na kwa lugha ya kisiwa, ambayo humwita hakimu "briw", jina lisilo na undugu wowote na "deemster". Mwaka 1887 mwandishi Hall Caine alilifanya neno hilo kuwa jina la riwaya, na wasomaji wengi wa Uingereza wakalijua kwa njia hiyo.

Hapo ndipo nguvu ya Oxford inapoonekana, kwa sababu ndiyo pekee kati ya hizi nne inayoliweka Kiingereza cha Kale, kaskazini, Uskoti na Man chini ya paa moja, na kumwonyesha msomaji kwamba anamfuata mtu yule yule katika mavazi tofauti. Humwonyesha pia ndugu wa neno hilo. "Doom" ya leo, yenye maana ya maangamizi, ni "dōm" ile ile. Iliharibika kwa kuhusishwa mno na Siku ya Hukumu. Kitabu cha sensa ya mali kilichoamriwa na mfalme wa Wanormani, cha mwaka 1086, kikaitwa na watu kwa jina la siku hiyo kwa sababu kilichoandikwa humo hakikuwa na rufaa. Na kitenzi "deem" kilipungua taratibu kutoka kuhukumu hadi kudhani na kuona, isipokuwa katika sheria, ambako kimehifadhi sehemu ya mamlaka yake ya zamani.

Kijana mmoja anayejifunza uwakili aliniletea rasimu ya mkataba iliyofasiriwa na kuniuliza, "Mwalimu, kwa nini umekata 'itadhaniwa' kila mahali?" Nilimfungulia safu ile ya juzuu la mwaka 1897 kwenye simu yake mwenyewe. Alisoma maana ya kwanza na nukuu zake, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hapa sheria inahukumu." Akazirekebisha zote kuwa "itachukuliwa kuwa" bila mimi kuongeza neno. Sijui njia ya haraka zaidi ya kulifundisha jambo hilo.

Kuhusu gharama, usajili wa Oxford wa mtu binafsi hulipwa kwa mwaka na kwa fedha za kigeni, na asiyelipa huonyeshwa sehemu tu ya maelezo. Mwanafunzi au mhadhiri wa Nairobi aanze kwa kuuliza kwenye maktaba ya chuo chake kama chuo kimejisajili, kwa kuwa taasisi inayolipa huwafungulia watu wake wote. Mfasiri wa kujitegemea asitoe pesa zake kabla hajazimaliza zile za bure, na akikwama kwenye neno ambalo maana yake imebadilika baada ya mwaka 1897, hapo ndipo malipo yanaanza kuwa na sababu. Atakayeokota kwa wauza vitabu vya mitumba wa katikati ya jiji lile toleo la maandishi madogo la mwaka 1971, lenye majuzuu mawili na kioo cha kukuzia, asiliache. Lina kila kilichomo katika toleo la kwanza, na halihitaji bando wala umeme.

Nina lawama moja tu, nayo haizihusu kamusi hizi. Kamusi zetu za Kiswahili, kuanzia ya Krapf ya mwaka 1882 hadi zile za wahariri wetu wenyewe, hunieleza hakimu ni nani, jaji ni nani na kadhi ni nani, na baadhi hunidokezea neno lilitoka lugha gani. Hazinionyeshi ni lini jaji alianza kuandikwa katika Kiswahili, katika hati ipi, na mwandishi alikuwa akimtofautisha vipi na hakimu. Hati hizo zipo: kuna tenzi, barua za Waswahili wa pwani kwa herufi za Kiarabu, magazeti ya enzi ya ukoloni na kumbukumbu za mahakama za kadhi. Kamusi ya Michigan ilijengwa na chuo kikuu kimoja kwa vikaratasi vya nukuu vilivyokusanywa na wasomaji wengi kwa miongo mingi, na idara zetu za Kiswahili na za sheria zina wanafunzi kila mwaka wanaotafuta mada ya tasnifu. Nukuu za maneno ya mahakama peke yake, zikiwekewa mwaka na chanzo, zingetosha kuwa mwanzo.